Shemeji na Tembo wa Sweta

Mtaa mzima humwita Shemeji, hata watu ambao hawana undugu naye wa karibu wala wa mbali. Jina hilo lilianzishwa na mdogo wa mkewe, binti mmoja mwenye maneno mengi ambaye, kwa sababu hiyohiyo, anaitwa Kasuku. Kasuku alikuwa akimwita kwa kupaza sauti kutoka dirishani, shemeji njoo ushike hiki, shemeji taa imezimika. Muuza vocha wa kando ya barabara akalidaka, fundi cherehani akalidaka, na baada ya muda hata mwenye nyumba aliyempangisha akawa anabisha hodi akiuliza kama Shemeji yupo. Siku moja kaka yake wa tumbo moja aliteleza akamwita hivyohivyo. Walitazamana, kisha wakacheka mpaka chai ikapoa.

Kwa kazi yeye ni fundi wa friji. Ni mtu mnene kiasi, mpole, na ana tabia ya kuweka sikio kwenye mlango wa friji kabla hajauliza ina tatizo gani. Wateja humwacha tu asikilize. Mambo ya kompyuta alijifunza mwenyewe, kwa kompyuta kuukuu aliyoachiwa na mteja mmoja aliyehama. Alitaka kuandika programu ndogo ya kupima ubaridi, basi, aifunge hapo. Lakini mambo hayo ukishayaonja ni kama karanga, mkono haurudi mfukoni. Akaendelea kujifunza, leo hiki, kesho kile, mpaka akawa anaota amri za kompyuta.

Kisha akapenda, na akapenda katika nyumba ya masweta.

Nyumba hiyo ni ya mama mkwe wake. Sebule ya mbele ilinyang'anywa makochi zamani, ikawa karakana. Chini ya dirisha imelala mashine ya kufuma, ndefu kama benchi la kanisani, yenye safu ya sindano kuanzia ncha hii hadi ncha ile. Juu ya sindano hizo kuna mkono wa chuma ambao Kasuku huusukuma kushoto na kulia, krrr-cha, krrr-cha, na kila ukipita mstari mmoja wa sweta umeongezeka. Rafu imejaa makoni ya nyuzi. Manyoya ya sufu yanaruka kila mahali, na mgeni akipewa chai hapo hujifunza kuipuliza kabla ya kunywa.

Wakati Shemeji anachumbia, mashine hiyo ilikuwa ikifuma mistari na miraba tu. Yeye akaona mlango wa kuingilia. Akaomba ruhusa, akaunganisha waya kutoka kwenye kompyuta yake hadi kwenye mashine, akaandika programu ya kuipelekea picha. Mchumba wake akachora bata kwenye kompyuta, mraba kwa mraba, na jioni yake bata yuleyule akatokea kifuani mwa sweta, mzima, na mdomo wake wa njano. Mama mkwe aliligeuza sweta nje ndani, ndani nje, akatafuta kasoro, akakosa. Mahari ilizungumzwa kwa wepesi baada ya hapo.

Bata alifuatwa na samaki, samaki akafuatwa na treni. Masweta yakapendwa na watoto, na mchumba, ambaye kufikia hapo alikuwa mke na mama wa mapacha, akaacha kazi aliyokuwa akiifanya tangu amalize shule: kupokea simu katika duka la dawa la mjomba wake. Kazi ile aliichukia kimyakimya. Alisema ilimfanya awe na sauti ya kuomba radhi hata akiwa nyumbani anaongea na mapacha. Sasa akawa na kiti chake karibu na dirisha, kompyuta mbele yake, na kazi yake ikawa kuamua nyangumi atabasamu kiasi gani. Mtu aliyemjua zamani na kumwona sasa alidhani amekutana na mdogo wake.

Miaka ikapita hivyo. Ndipo Jumatatu moja ile kompyuta ikasema paf.

Shemeji alikuja, akaifungua, akanusa. Pua yake imezoea vitu vilivyoungua, haikuhitaji muda. Akaifunika polepole, jinsi watu wanavyofunika maiti. Bahati nzuri michoro na programu vilikuwa pia kwenye flashi, na ofisi moja ya jirani ilikuwa ikibadilisha vifaa, ikampa kompyuta nyingine isiyo mbaya. Tatizo likawa moja. Kompyuta hiyo mpya ilikuwa na lugha ileile ya programu aliyoitumia zamani, ila toleo jipya. Toleo la zamani hata waliolitunga walikuwa wameshaliacha, na kile kipande cha kuongea na waya wa mashine kilipatikana kwa toleo jipya tu. Kwa hiyo programu ya enzi za uchumba ilibidi ihame.

Mama mkwe alimwita, akamkaribisha kiti. Hawa wawili huheshimiana sana, kiasi kwamba kila mmoja akiongea hutazama pembeni kidogo, kana kwamba yule anayeambiwa amekaa kwenye kochi la pili.

“Baba Pacha,” alisema, “mimi sina ugomvi na kompyuta yako. Lakini Ijumaa mwalimu mkuu wa chekechea anakuja kuona sweta la tembo, na watoto wake wote wanasubiri jibu langu. Siwezi kumwonyesha mwalimu mkuu matumaini. Tembo asipotoka mzima siku hiyo, tunarudi kwenye ile mashine ndogo ya mkono na masweta ya rangi moja. Hii kubwa nampa Fundi Kofia, anaitaka kila siku. Na mwanangu atarudi kwa mjomba wake. Nimemuuliza, kiti cha simu bado kipo.”

Shemeji alisema sawa mama. Kwa mkwe hakuna jibu jingine. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na koni ya uzi mkononi. Uzi ulikuwa umeanza kujizungusha kwenye kidole chake mpaka ncha ikawa nyeupe.

Kasuku ndiye aliyefunga kikao. Alimwambia shemeji yake asiwe na wasiwasi, akishindwa atamfumia sweta la rangi moja, la saizi yake, ingawa itabidi waagize uzi wa nyongeza.

Basi Shemeji akaingia kazini. Kuna programu ndogo inayosaidia kuhamisha msimbo, yaani maandishi ya programu, kutoka toleo la zamani kwenda jipya. Akaitumia, nayo ikarekebisha mepesi: mabano hapa, jina lililobadilishwa pale. Ikamaliza kazi yake kwa adabu na kumwachia mazito. Ikabidi ausome msimbo wote mwenyewe, na hapo akakutana na kijana aliyekuwa yeye. Kijana yule alikuwa amepofushwa na mapenzi. Kila kipande cha programu alikipa jina la mahaba. Mstari mmoja wa picha uliitwa kipenzi. Ulipofanyiwa marekebisho uliitwa kipenzi mpya. Ulipokuwa tayari kupelekwa kwenye mashine uliitwa kipenzi wa mwisho kabisa. Mkewe alikuwa akisoma begani kwake.

“Huyu kipenzi mpya ni nani?”

“Ni wewe.”

“Na yule wa mwisho kabisa?”

“Ni wewe pia, ila umepitia ukaguzi.”

Alimpiga kofi dogo la shingoni, lakini alivuta kiti akakaa.

Sasa, ili mambo yaliyofuata yaeleweke, inafaa kujua jinsi mashine ile inavyoambiwa kitu. Haijui tembo wala bata. Inachojua ni baiti. Baiti ni namba ndogo tu, kuanzia sifuri hadi mia mbili hamsini na tano, na kila baiti moja inaamuru sindano nane zilizo jirani: wewe panda, wewe tulia, nyie wawili pandeni. Baiti zikipangwa mstari mmoja, zinaamuru sindano zote za mashine. Mstari ukifumwa, mashine inarudisha baiti moja ya kusema iko tayari, halafu inapelekewa mstari mwingine.

Katika toleo la zamani la lugha, baiti na maandishi vilikuwa kitu kimoja. Herufi na namba ya mashine vililala kitanda kimoja, wala hakuna aliyeuliza nani ni nani. Toleo jipya limewatenganisha vyumba. Linataka kujua kila mara: hiki ulichonipa ni maandishi ya kusomwa na mtu, au ni baiti za kupelekwa kwa chombo? Ni jambo la busara, na Shemeji mwenyewe alikubali hivyo alipolisoma. Lakini programu yake ilikuwa imelelewa katika nyumba ya kitanda kimoja.

Balaa la kwanza lilikuwa lile jibu la mashine. Kasuku alisukuma mkono, krrr-cha, mstari mmoja mtupu wa kuanzia, usio na picha, ukafumwa, mashine ikajibu kwamba iko tayari. Programu ikakaa kimya. Kasuku akasubiri. Programu ikazidi kukaa. Haikulalamika, haikuonyesha kosa, ilikaa tu kama mtu aliyepigwa picha. Shemeji alichunguza, akagundua kwamba mashine ilijibu kwa baiti huku programu ikisubiri herufi, na toleo jipya likilinganisha baiti na herufi linasema hivi si sawa, hata kama machoni pa mtu vinafanana kama mapacha wake. Mashine ilikuwa ikisema niko tayari, niko tayari, na programu ikiendelea kumsubiri mtu wa kusema yuko tayari.

Hilo akalirekebisha. Likaja la pili: waya ulikataa kupeleka mistari ya picha. Ulitaka baiti, ukapewa maandishi, ukagoma. Shemeji akatafuta, akapata kwamba kuna neno moja la kugeuza maandishi kuwa baiti. Alifurahi sana. Akalipachika kila mahali palipolalamika, kama anavyoziba gesi inayovuja kwenye bomba: hapa inatoa povu, ziba, na hapa, ziba. Povu likaisha. Malalamiko yote yakanyamaza.

Alhamisi asubuhi wakajaribu. Kasuku alishauri waanze na kitu chepesi, na mkewe akatoa mchoro wa zamani wa mshumaa, mwembamba, wenye ulimi mdogo wa moto. Mkono ukaenda na kurudi, na mshumaa ukatoka umenyooka, umewaka. Shemeji alitembea chumba kizima akiwa amefunga mikono nyuma. Mama mkwe aliuangalia mshumaa, akaitikia kwa kichwa, akauliza tembo yuko wapi.

Wakamleta tembo. Miguu ilitoka vizuri, minne, imekanyaga chini kwa uhakika. Kisha likafika tumbo, na tumbo likaondoka. Lilihama kwenda kulia, likiwa na madoadoa kama limeliwa na mende. Mgongo uliondoka zaidi ya tumbo. Kichwa kilikwenda mbali kuliko vyote, na sweta liliposhushwa kwenye mashine na kunyooshwa mezani, mkonga ulikuwa umeingia kwapani.

Kasuku alilitazama sana. Alisema huyu tembo ananusa kama mtoto ameoga.

Mama mkwe hakucheka. Alilikunja lile sweta vizuri, kana kwamba ni zima, akaliweka pembeni. Mchana Fundi Kofia alipita. Ni mwanamume mfupi mwenye haraka, karakana yake ya kofia iko ng'ambo ya barabara, na alikuja na futi ya kupimia akidai anapita tu. Aliipima mashine urefu, akaupima na mlango. Alipoondoka, mke wa Shemeji alitoka nje akaanua nguo ambazo hazijakauka.

Shemeji alijaribu njia nyingine. Aliliambia lile neno la kugeuza kwamba likikutana na kitu lisichokielewa, liruke. Likaruka. Miguu ikafumwa, tumbo lilipofika baiti zikatoka pungufu, na mashine ikasimama ikisubiri zilizobaki, kama mgeni aliyepewa nusu ya salamu. Kasuku aliuachia mkono, akaenda kula.

Waliokuwa wamebaki pale ni mume na mke. Shemeji alifanya alichokuwa akikifanya kwa mafriji, aliweka sikio. Maana yake alilitandaza lile sweta bovu mezani na kuliangalia bila kuligusa. Kwa nini miguu mizima na tumbo bovu? Kwa nini mshumaa umepita? Alimwomba mkewe amchoree kitu kisicho mnyama, kitu cha kijinga kabisa: ngazi. Mstari wa kwanza, sindano ya kwanza tu ipande. Mstari wa pili, ya pili tu. Hivyohivyo kwenda juu na kulia, sindano moja kila mstari.

Ijumaa asubuhi, kabla hata pasi haijapata moto, Kasuku aliifuma ile ngazi. Wote watatu waliinama juu yake. Hatua ya chini kabisa ilikuwa imevunjika, imetawanya vipande kulia. Saba zilizofuata zilikuwa kamili. Iliyofuata imevunjika. Saba kamili. Imevunjika.

“Sindano ya kwanza ya kila kundi,” mkewe alisema taratibu. “Ikipanda hiyo tu, mambo yanaharibika.”

Hapo Shemeji akashika kichwa, na kilichokuwa kimejificha kikajitokeza chote. Katika kila kundi la nane, sindano ya kwanza ndiyo yenye namba kubwa. Ikipanda peke yake, baiti inasoma mia moja ishirini na nane. Zile saba nyingine hata zikipanda zote kwa pamoja hazifiki hapo. Sasa programu yake, tangu enzi za kitanda kimoja, ilikuwa ikiichukua namba, inaigeuza herufi, halafu inaipeleka. Zamani herufi ilikuwa baiti, kwa hiyo hakuna kilichoharibika. Lakini katika toleo jipya herufi ni herufi kweli, na yeye alikuwa ameipachikia lile neno la kuigeuza tena kuwa baiti. Herufi ndogondogo zinatoka baiti moja. Kuanzia mia moja ishirini na nane, zinatoka baiti mbili, maana herufi za watu wa dunia nzima ni nyingi, haziwezi kuenea kwenye baiti moja. Basi kila ilipopanda sindano ya kwanza, baiti moja ilizaa mbili, na waliokuwa nyuma yake wote wakasogezwa sindano nane kwenda kulia kupisha mtoto. Mshumaa haukuwahi kugusa sindano ya kwanza. Tumbo la tembo lilizigusa zote.

Kasuku alisikiliza maelezo hayo akiwa ameshika kiuno, akatoa ufumbuzi wa haraka. Dada yake amchore tembo mwembamba. Anayepita katikati ya makundi, asiyegusa sindano za kwanza. Mwalimu mkuu akiuliza, waseme alikuwa anaumwa.

Wazo lenyewe halikuwa baya, na muda ulikuwa mfupi. Shemeji alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa ameshaweka mkono kwenye kipanya, akauondoa.

“Hapana,” alisema. “Nikianza kuchora huku naogopa sindano, bora nikapokee simu. Kule angalau najua ninachoogopa.”

Shemeji hakubisha. Alivuta kiti, akafungua msimbo, akaanza kung'oa viraka vyake vyote. Kila palipokuwa na lile neno la kugeuza, alilitoa. Namba zikaacha kupitia kwenye herufi. Zilipangwa kama namba, zikageuzwa baiti moja kwa moja, zikapelekwa. Maandishi yakabaki kwenye maandishi: jina la mchoro, ujumbe wa kwenye skrini, basi. Alipomaliza, kazi ya siku zote zile ilikuwa mistari michache, na mingine ilikuwa imepungua kuliko ya mwanzo. Kipenzi wa mwisho kabisa alimwacha na jina lake.

Walikuwa ndio wanaweka uzi wa kijivu wakati mwalimu mkuu anabisha hodi. Alikuwa amewahi. Ni mama mrefu, mtulivu, mwenye sauti iliyozoea watu wadogo, na aliomba radhi kwa kuwahi huku akiwa ameshakaa. Mama mkwe alimkaribisha chai. Mwalimu mkuu akaipuliza. Nyuma yake, mlangoni, akatokea Fundi Kofia na mkokoteni, na wabebaji wawili wenye kamba, akisema yeye hana haraka, atasubiri tu hapo nje, na aliposema hivyo mguu mmoja ulikuwa tayari ndani.

Kwa hiyo tembo alifumwa mbele ya watu. Krrr-cha, krrr-cha. Miguu ikatoka. Mwalimu mkuu alisema ah, miguu mizuri. Waliojua walijua kwamba miguu haijawahi kuwa tatizo. Shemeji alisimama karibu na rafu, ameshika koni ya uzi ambayo haikuhitajika. Mkewe alikuwa kwenye kiti chake, mgongo umenyooka, haangalii mashine, anaangalia mikono ya mdogo wake. Kasuku, kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kuongea, alikuwa kimya.

Likafika tumbo.

Mkono ulipita. Mstari ukatoka wa kijivu mtupu kutoka upande mmoja wa tembo hadi mwingine, bila doa, na umeanza pale ulipotakiwa kuanza. Kasuku aliganda kidogo, akasukuma tena. Ukatoka mwingine juu yake, umekaa palepale. Tumbo likapanda, mgongo ukafuata, sikio likafunguka, na mkonga ukashuka mbele ya uso wake kama mkonga wa tembo yeyote mwenye akili timamu. Fundi Kofia alikuwa ameingia mzima sasa. Aliangalia mpaka jicho la tembo lilipotokea, akawageukia wabebaji wake akawaambia waanze kukunja kamba.

Mama mkwe alilipokea sweta likiwa bado na vumbi la sufu. Aliligeuza nje ndani, ndani nje. Alipitisha kidole kwenye tumbo, kisha akaingiza mkono kwapani, akapapasa humo kwa makini. Hakukuta kitu. Alimkabidhi mwalimu mkuu, naye mwalimu mkuu akalishika mbele ya kifua chake kipana, tembo akaonekana mdogo, akauliza kama darasa la wakubwa wanaweza kupata twiga badala yake, maana wameshaanza kulalamika kwamba tembo ni wa watoto.

Fundi Kofia naye akakohoa. Alitaka kujua kama tembo anaweza kupunguzwa, akaenea mbele ya kofia. Kasuku alimwambia inawezekana, ila tembo wa saizi yake watakuwa wafupi, na chumba kizima kikapumua kwa kicheko ambacho kilikuwa kimebanwa tangu Jumatatu.

Katikati ya kicheko hicho simu ya nyumba ikalia. Mke wa Shemeji aliinuka kabla hajafikiri, miguu yake ilikuwa bado na mazoea ya duka la dawa. Mama yake alimwonyesha kiganja, kaa, akaenda kuipokea mwenyewe. Alikuwa ni mjomba. Waliokuwa sebuleni walisikia upande mmoja tu wa mazungumzo, na walisikia vizuri, kwa sababu mama mkwe huongea na simu kama anaongea na mtu aliye juu ya paa.

Alimsalimia kaka yake, akamuuliza habari za miguu, akamsikiliza. Kisha akasema:

“Kile kiti mpe mtu mwingine, kaka. Hapana, hajaugua. Hapana, mumewe hajakataza, mumewe hana neno. Sikiliza. Siwezi kumtoa, ameshaanza shingo ya twiga.”

Na kweli, walipogeuka, alikuwa ameshaanza.